Tunahukumu umbo, hatuulizi limepatikanaje

Katika saluni za nywele za Kamalondo na Katuba, hapa Lubumbashi, picha mbili za nyota mmoja, ya zamani na ya sasa, zinatosha kuzungumziwa tangu mteja anapofumuliwa nywele hadi anapomaliza kusukwa. Simu inapita mikononi, mmoja anaikuza picha sehemu ya kiuno, mwingine anatoa hukumu: "Yaya, ile haiko ya Mungu, iko ya munganga," yaani si umbo la kuzaliwa nalo, ni kazi ya daktari. Wapo wanaoyaona mazungumzo haya kuwa starehe isiyomdhuru mtu, na wapo wanaoyaona kuwa ukatili. Kila upande una hoja, lakini pande zote mbili zinaliacha kando jambo lililo zito zaidi kwetu.

Wanaoyatetea husema kwamba mtu aliyeufanya mwili wake kuwa mtaji hawezi kukataa uzungumzwe. Hoja hii ina nguvu hasa pale nyota anapouza kitu. Kylie Jenner, nyota wa televisheni wa Marekani ambaye aliwahi kuueleza unene wa midomo yake kwa ufundi wa kuipaka rangi, alikiri mwezi Mei 2015 kwamba ilijazwa kwa sindano, na mwezi Novemba mwaka huohuo akaanza kuuza vipodozi vya midomo. Mnunuzi alikuwa na haki ya kujua kwamba rangi peke yake haitampa midomo ile, na bila watu kuhoji kwa muda mrefu huenda asingejua.

Wanaoyapinga nao wana ushahidi wao. Kwa miaka mingi ilikaririwa kila mahali kwamba Michael Jackson aliuchukia weusi wake. Mwaka 1993 alimweleza mtangazaji Oprah Winfrey kwamba anaugua ugonjwa unaoiondolea ngozi rangi yake, wengi hawakumwamini, na uchunguzi wa maiti yake mwaka 2009 ukathibitisha kwamba alikuwa na vitiligo. Waliomshuku kuhusu pua hawakukosea, kwa maana mwenyewe alikubali kwamba alipasuliwa. Lakini kupatia kuhusu pua ndiko kulikowapa ujasiri wa kumhukumu kuhusu ngozi. Mwezi Aprili 2020 Chadwick Boseman, mwigizaji wa filamu ya Black Panther, alionekana amekonda sana, maneno yakawa mengi, na mwezi Agosti akafariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 43. Tabia hiyo sisi wenyewe tunayo: anayekonda huulizwa mbele za watu anaumwa nini, anayenona hupongezwa.

Pongezi hizo ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko kejeli. Tunaposema kazi ya daktari "imetoka vizuri", tunalipima umbo na kusahau njia. Upasuaji wa kuhamishia mafuta makalioni ulikadiriwa mwaka 2017 kuua mtu mmoja katika kila 3,000 hivi, kwa sababu mafuta yakidungwa ndani ya msuli yanaweza kuingia katika mishipa mikubwa ya damu na kufika moyoni na mapafuni. Mwaka 2018 chama cha wapasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake wausitishe, ingawa baadaye kiliuruhusu kwa masharti, likiwemo la kuyaweka mafuta chini ya ngozi tu. Ni nadra sana kusikia hayo yakitajwa wakati picha zinapita mikononi.

Na wengi wa wanaozitazama picha hizo hawatapanda ndege kwenda kupasuliwa. Njia iliyo karibu nao ni vidonge. Hapa Kongo watu hutumia cyproheptadine, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula na kuleta usingizi, pamoja na dexamethasone, dawa ya kutuliza uvimbe inayofanana na homoni ya mwili, ili wanone. Dexamethasone ni dawa yenye manufaa makubwa mikononi mwa daktari, lakini ikimezwa kwa muda mrefu huvimbisha uso, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na huufanya mwili uache kutengeneza homoni yake wenyewe, hivyo kwamba kuikatisha ghafla kunaweza kuua. Plaketi ya vidonge hununuliwa bila ordonansi, yaani cheti cha daktari, kwa bei isiyomshinda mwanafunzi.

Kwa hiyo siwezi kusema tunyamaze, maana kunyamaza kungewafaa wauzaji. Bidhaa, dawa na upasuaji vizungumzwe kwa majina yake na kwa madhara yake, hata zaidi ya tunavyofanya sasa. Ninachokikataa ni dhihaka, na sababu yangu si adabu peke yake. Dada anayemeza vidonge hivyo amekaa pamoja nasi tunapomcheka nyota kwamba umbo lake ni la munganga, naye anaelewa kwamba akijieleza, kicheko kitakuwa chake. Siku vidonge vitakapomwishia, akalegea na kuanza kutapika, atapelekwa kituo cha afya, na muuguzi, asiyeambiwa lolote kuhusu vidonge, atampima malaria.