Asilimia 10 ya nani? Somo la kwanza la fedha za kampuni kwenye shahada ya uzamili

Zoezi lenyewe lilikuwa la mistari minne. Ghala la baridi la samaki linajengwa Kilwa kwa shilingi milioni 500. Linatarajiwa kuingiza milioni 130 kila mwaka kwa miaka 6, kisha mitambo inabaki chuma chakavu. Uwekeze au usiwekeze? Darasa la jioni, watu wazima waliotoka moja kwa moja kazini, wakainamia vikokotoo vyao. Dakika chache baadaye karibu wote walikuwa na jibu moja: wekeza. Thamani halisi ya sasa, ambayo kila mwanafunzi huiita NPV, yaani mapato yajayo yakishushwa hadi thamani yake ya leo kisha yakatolewa gharama ya mradi, ilikuwa chanya kwa milioni 66 na ushee. Walikuwa wametumia kiwango cha punguzo, kile kinachoshusha fedha za kesho ziwe na thamani ya leo, cha asilimia 10. Nikauliza hiyo 10 imetoka wapi. Kimya. Hatimaye dada mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Mwalimu, kwenye kitabu huwa ni kumi."

Ninafundisha somo hilo la utangulizi kwa wanafunzi wa uzamili wa biashara, na jibu lile limenikaa kichwani kwa sababu linagusa mabishano yanayorudi kila tunapokaa kupitia mtaala. Wako wanaosema somo libaki lilivyo, jinsi linavyofundishwa Chicago au Boston, kwa kuwa hesabu haina uraia. Wako wanaosema limeandikwa kwa ajili ya uchumi ambao wanafunzi wetu hawaishi ndani yake, na kwamba tukiendelea kulimeza zima zima tutatoa mameneja wanaojua kanuni na wasiolijua soko. Kwa nyakati tofauti nimewahi kukaa pande zote mbili.

Kwa asiyelijua, mhimili wa somo haujabadilika sana kwa miongo kadhaa. Wiki za mwanzo ni thamani ya fedha kwa wakati na namna ya kupima miradi. Kisha inakuja hatari na mapato: Harry Markowitz wa 1952, aliyeonyesha kwamba hisa hupimwa kwa mchango wake katika mkoba mzima wa mwekezaji, yaani jumla ya vyote alivyowekeza, na William Sharpe wa 1964, ambaye modeli yake ya CAPM inasema mwekezaji hulipwa kwa ile hatari tu asiyoweza kuikwepa hata akitawanya mtaji wake. Halafu muundo wa mtaji, yaani kampuni ikope kiasi gani na iuze hisa kiasi gani. Hapo wanaotangulia ni Franco Modigliani na Merton Miller wa 1958. Gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, huja mwishoni, mara nyingi muhula ukiwa umeshachoka.

Wanaotaka somo libaki lilivyo wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Chukua hao Modigliani na Miller. Mwanafunzi akisikia kwa mara ya kwanza kwamba thamani ya kampuni haitegemei imekopa kiasi gani, anacheka. Nani asiyejua kwamba madeni yameua kampuni? Lakini nadharia ile haikudai kuieleza dunia ilivyo. Ilisema hivi: kama hakuna kodi, kama kufilisika hakuna gharama, na kama kila mtu anajua anachokijua meneja, basi kuyagawa mapato kati ya mkopeshaji na mwenye hisa hakuongezi hata senti kwenye mapato yenyewe. Ugali ukiupakua kwenye sahani mbili au tano, unga ni uleule. Kwa hiyo mtu akikwambia mkopo utaongeza thamani ya kampuni au utaipunguza, muulize ni sharti lipi kati ya yale limevunjika.

Sijapata kipimo kizuri zaidi ya hicho cha kuisoma Kenya Airways. Shirika liliingia kwenye mpango mkubwa wa kupanua safari na kununua ndege mpya, zikiwemo Boeing 787, kwa mikopo ya dola. Mambo yalipoharibika, mwaka wa fedha wa 2014/15 ulifungwa kwa hasara ya shilingi za Kenya bilioni 25.7, na uliofuata bilioni 26.2. Anayesoma magazeti anaona hasara tu. Mwanafunzi mwenye kipimo kile anaona mambo mawili tofauti: biashara isiyolipa, na juu yake gharama ya kubanwa na wadai. Mwaka 2016 shirika liliuza nafasi moja ya kutua uwanja wa Heathrow, London, kwa Oman Air, kwa dola milioni 75 kama ilivyoripotiwa, na baadhi ya ndege zake kubwa zikakodishwa kwa wengine. Nafasi ya Heathrow si kitu cha kuuza mfuko ukiwa umejaa. Mwaka 2017 benki za Kenya ziligeuza madeni yao kuwa hisa, asilimia 38.1 ya shirika, na Serikali ikashika 48.9. Kuitenga gharama ya kubanwa na gharama ya biashara mbovu ndiyo kazi ya mchambuzi, na anayeanza na dunia ile iliyonyooka ndiye anayeweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo yetu imepinda.

Sasa upande wa pili, ambao mimi mwenyewe huwa unanivuta zaidi kila ninaposahihisha mitihani. Shida yake haiko kwenye nadharia. Iko kwenye namba tunazozimimina ndani ya nadharia.

Anza na beta, kile kipimo cha jinsi hisa inavyoyumba pamoja na soko. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998, na baada ya zaidi ya robo karne kampuni zilizoorodheshwa bado hazijafika 30. Zipo hisa zinazokaa siku nyingi bila kuuzwa hata moja. Bei isiyoguswa haisogei, na bei isiyosogea haiyumbi na soko. Mwanafunzi akiikokotoa beta yake anapata namba iliyo karibu na sifuri, anaiingiza kwenye CAPM, na modeli inamwambia kwamba hisa ambayo mwenyewe hawezi kuiuza hata akiugua ni salama karibu sawa na hatifungani ya Serikali, yaani hati ya deni ambayo Serikali huikopea fedha. Nimeshapokea ripoti ya namna hiyo, imechapwa vizuri, ina jedwali na mchoro, na aliyeiandika si mvivu. Nairobi soko ni kubwa na kongwe zaidi, lakini kuna nyakati Safaricom peke yake imebeba zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote. Ukipima hisa nyingine dhidi ya soko hilo, sehemu kubwa unaipima dhidi ya kampuni moja ya simu.

Kisha kuna kile kinachoitwa kiwango kisicho na hatari, yaani riba ya kuikopesha Serikali, ambayo CAPM huanzia hapo. Mwaka 2022 riba ya hatifungani ya Serikali ya Tanzania ya miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10. Uamuzi mmoja, na kila mradi nchini ukawa na kipimo kipya cha kulinganishiwa. Ghana mwishoni mwa mwaka huohuo iliwaambia wenye hatifungani zake za ndani wabadilishe na kuchukua zenye malipo madogo na muda mrefu zaidi. Tangu hapo siwezi kuandika "kisicho na hatari" ubaoni bila kusimama kidogo na kueleza.

Linaloniuma zaidi ni la tatu, kwa sababu linagusa watu wengi kuliko soko la hisa litakavyowagusa miaka mingi ijayo. Nguzo ya CAPM ni mwekezaji aliyetawanya mtaji wake. Sasa mfikirie mfanyabiashara wa Kariakoo. Duka ni lake, bidhaa zilizo dukani ni zake, nyumba ya Tabata imewekwa dhamana benki kwa ajili ya duka hilohilo, na ada ya watoto inatoka kwenye droo ya mauzo. Huyo hajatawanya chochote. Barabara ikifungwa miezi minne kwa matengenezo, hakuna hisa ya kampuni nyingine itakayomfidia. Kumwambia kwamba hatari ya biashara yake pekee haistahili malipo, kwa kuwa angeweza kuikwepa, ni kumshauri vibaya. Mtoto wake ndiye aliye darasani kwetu jioni, na ndiye atakayeulizwa nyumbani Jumapili kama wafungue tawi la pili.

Hata gharama ya mkopo, ambayo kitabu huiona rahisi kuipata, ina mitego yake. Kenya iliweka ukomo wa riba za benki kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019, pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, hivyo karibu asilimia 14 kwa muda mrefu. Kwenye makaratasi, kiwanda kidogo kilikopa kwa bei ileile ya kampuni kubwa. Kwa hali halisi benki nyingi ziliona afadhali kununua hatifungani za Serikali kuliko kumkopesha mwenye kiwanda. Mkopo wa asilimia 14 usioupata si gharama yako ya mkopo. Gharama yako ni ile ya mkopeshaji wa mtaani unayemwendea baadaye.

Kwenye kodi, kanuni ya kwamba riba ya mkopo hutolewa kwenye faida kabla ya kutozwa kodi ya asilimia 30 ni ya kweli Tanzania na Kenya, ila ina mipaka ambayo mwanafunzi anapaswa kuijua kabla ya kuisifia. Tanzania, kampuni inayomilikiwa kwa kiwango kikubwa na wageni huruhusiwa kutoa kwenye faida hiyo riba ya deni lisilozidi uwiano wa 7 kwa 3 na mtaji. Kenya iliweka mwaka 2022 ukomo wa asilimia 30 ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, na tangu 2023 ukomo huo unahusu riba inayolipwa kwa wakopeshaji wasio wakazi wa Kenya. Na mwanafunzi anayetoka Zanzibar au Mombasa ambaye familia yake haigusi riba anahitaji kuonyeshwa jinsi musharaka (ubia wa kugawana faida na hasara) au murabaha (kuuziwa bidhaa kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana) inavyoingia kwenye gharama ya mtaji. Wiki moja ya muhula ingetosha kwa hilo.

Pamoja na hayo yote, siungi mkono wanaotaka somo livunjwe. Nimeona kinachotokea nadharia ikiondolewa: darasa linageuka simulizi za wafanyabiashara waliofanikiwa, kila mtu na uzoefu wake, na hakuna namna ya kumwambia yeyote kwamba amekosea. Nimeona pia ujanibishaji wa juu juu, wa kuongeza pointi 5 au 8 kwenye kila kiwango "kwa sababu hapa ni Afrika". Huo ni uvivu uleule wa kumi ya kitabuni, umebadilishwa namba tu, na unaua miradi mizuri. Mimi ningebakisha mhimili wote na kuhamisha saa za kufundisha. Beta ningeipa nusu ya muda inaoupata sasa. Muda unaobaki ningeupa kiwango cha punguzo: kinatoka wapi, ni cha sarafu gani, kina mfumuko wa bei ndani yake au hakina, na ni cha mwenye mtaji yupi.

Jioni ile tulilirudia ghala la Kilwa. Tukachukua hatifungani ya miaka mingi kama msingi, tukajadili mwekezaji mwenye mradi mmoja angedai nini juu yake, tukakubaliana asilimia 18. NPV ikageuka hasi milioni 45. Darasa likaguna: basi ghala lisijengwe. Ndipo kaka mmoja wa benki akasema 18 ile ina mfumuko wa bei ndani yake, ilhali milioni 130 tumeziacha palepale miaka yote 6 kana kwamba bei ya samaki haitapanda. Tukaziacha zikue asilimia 5 kwa mwaka kuanzia mwaka wa pili. NPV ikarudi chanya, milioni 3.6. Ghala lilelile, majibu matatu ubaoni, na la mwisho jembamba kiasi kwamba hitilafu moja ya jokofu ingeweza kulimaliza. Dada wa mstari wa mbele, aliyekuwa ametaja kitabu, akanyoosha mkono na kuuliza miezi ya kusi, bahari inapochafuka na mashua nyingi hazitoki, samaki wa kujaza ghala hilo watatoka wapi.