Asasi za Kiraia Zisisubiri Mradi Utangazwe

Sisi watu wa Lamu tunapozisifu asasi za kiraia, aghalabu tunazisifu kwa kesi, na sifa hizo ni haki yao. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Juni 2019, katika shauri lililofunguliwa na Save Lamu, muungano wa asasi za hapa kwetu, pamoja na wakazi, leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi ilibatilishwa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Hata hivyo, kesi huja baada ya mradi kutangazwa, ilhali haki ya ardhi ya mwanakijiji huamuliwa mapema zaidi, katika daftari la msajili. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe, na ikitwaliwa kwa lazima, fidia hubaki mikononi mwa kaunti hadi usajili ukamilike. Kijiji cha Waboni au cha Wabajuni kitakachokutwa katika hali hiyo kitabaki kuisubiri haki yake kupitia kwa wengine.

Pwani imeyaonja hayo tangu zamani. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka watu wawasilishe madai yao ya ardhi, na isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Wangapi vijijini walipata habari hizo, achilia mbali kuzielewa? Wabajuni waliovihama vijiji vyao wakati wa vita vya Shifta, vya waasi waliotaka kujitenga na Kenya, katika miaka ya 1960 waliacha nyuma mashamba na makaburi ya wazee wao, lakini wengi hawakuwa na hati ya kuonyesha.

Ndiyo maana naona asasi zetu zingefaa kuhamishia nguvu zao nyingi kwenye usajili. Kazi yenyewe ni ngumu na haina sifa za magazetini: kuitisha mkutano wa jamii wenye akidi ya thuluthi mbili, kusimamia uchaguzi wa kamati ya watu 7 hadi 15, kukubaliana mipaka na kijiji jirani, na kuhakikisha kwamba wajane na wanawake walioolewa kijijini wameandikwa kama wanajamii kamili. Sheria imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuifafanua kwa lugha ya wenyeji, tena si kwa semina ya siku mbili hotelini mjini. Wafadhili nao wakubali kumlipa msaidizi wa kisheria akae vijijini kwa miaka, hata kama ripoti ya mwaka wa kwanza haitakuwa na hatimiliki hata moja.