Ekari Ishirini za Baba Watoto

Ujumbe wa mbolea ya serikali uliingia wakati nakama ng'ombe. Mikono yangu ilikuwa na maziwa, kwa hivyo aliyeusoma ni mama watoto. Akausoma kimya kwanza, kisha kwa sauti, akivuta kila neno: nimetengewa mifuko 20 ya mbolea ya kupandia, kwa shamba la ekari 20.

Sisi tuna ekari mbili.

"Baba watoto," akasema, "hizo kumi na nane ziko wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sasa, tulipoandikishwa kwa chifu mwaka 2023, kijana mwenye tableti alikuwa anaandika kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika andazi. Skrini yote ilikuwa inang'aa mafuta. Sifuri moja kuteleza hapo ni jambo la kawaida kabisa. Lakini wewe nenda ukamweleze mwanamke wa Trans Nzoia, mahali ambapo watu hushikiana panga kwa sababu ya mpaka wa futi mbili, kwamba ekari kumi na nane zimeletwa na andazi!

"Serikali inajua shamba ambalo mimi silijui," akasema. "Na huko anayekupikia ni nani?"

Kufikia saa sita kijiji kizima kilikuwa na habari. Shemeji alifika na pikapu ya kuazima, akaomba nimkodishie ekari tano tu, kindugu. Mzee wa kanisa akanikumbusha kwamba mabati bado hayajatosha. Jirani ambaye hajanisalimu tangu ile kesi ya ng'ombe wake kula mahindi yangu aliniita mheshimiwa. Wale ambao ujumbe wao haukuja walileta pesa mkononi, 2,500 taslimu kwa kila mfuko, bei ya serikali, niwachukulie kwa jina langu, na huwezi kuwalaumu: mwaka 2022 mfuko huo huo dukani ulipita 6,000.

Nami nilipiga hesabu, ningekosaje? Mifuko 20 ni shilingi 50,000. Kwenye simu nilikuwa na 640, na kati ya hizo kuna deni la boda.

Nikaenda kwa afisa wa kilimo nirekebishiwe. Akavua miwani, akanitazama kama mtu anayerudisha mshahara.

"Mzee, kuna watu wana ekari kumi wamepewa mifuko miwili, wanalia hapa kila siku. Wewe unalia nini?"

"Nataka amani nyumbani."

Akaomba hati ya shamba. Hati yetu bado ina jina la marehemu babu, kama za nusu ya kijiji. Tukazungukana hapo mpaka alipochoka, akabofya kitu, akasema tayari, ngoja ujumbe mwingine.

Ulikuja mvua ikiwa imeshaanza, nami niko tayari kwenye foleni ya ghala, kitambulisho kwenye soksi, nimelala hapo tangu jana yake kwa sababu lori lilikuwa "njiani." Sikuufungua. Karani ndiye aliyesoma, shemeji amesimama nyuma yangu na pikapu yake inanguruma.

"Ekari sufuri nukta mbili," karani akatangaza. "Kilo kumi."

Badala ya 2.0, mfumo ulikuwa umeandika 0.2. Nikaanza kueleza habari za andazi, lakini foleni nzima ikapiga kelele nitoke, wengine wanyeshewe kwa zamu. Nikalipa, nikatoka na kifuko changu kwapani. Shemeji alikuwa ameshawasha gari akaondoka, sijui na nani.

Nyumbani mama watoto alinipokea vizuri, akanipa hadi taulo. Kisha akakitazama kile kifuko, akaichukua simu, akasoma. Akaketi.

"Kwa hivyo umeuza," akasema. "Mpaka na hizi zetu. Umemuuzia nani?"