Baba Sabuni wa Busia

Hebu niambieni, mtu akilipa kodi ya nyumba analipia nini hasa? Mimi nilidhani nalipia kuta nne, bati na mlango wenye komeo. Kumbe hapa Busia, mpakani upande wa Uganda, ukuta una pande mbili: wa ndani ni wangu mimi na kunguni wangu, wa nje ni wa wafanyabiashara.

Ukitoka hapa kwenda Kampala, kuanzia Bugiri, Iganga mpaka Mukono, utaona nyumba za kando ya barabara zimevalishwa sare. Hii ya kampuni ya simu, ile ya saruji, nyingine inatangaza rangi ileile iliyopakwa. Nilikuwa nazicheka nikiwa dirishani mwa matatu. Basi nikarudi jioni moja nikakuta zamu imefika kwangu. Mwenye nyumba kaelewana na watu wa sabuni: wao watoe rangi, yeye atoe ukuta. Mpangaji haulizwi. Nyumba yote buluu, mapovu mpaka kwenye fremu ya mlango, na mwanamke mkubwa kama trela ameinua shati jeupe huku anacheka.

Anamcheka nani? Mimi! Kamba yetu ya kuanikia iko chini yake kabisa. Mke wangu afue, asuuze, atie buluu, shati langu likianikwa pale wapita njia wanatikisa kichwa. Watoto wa jirani nao wanagonga usiku: "Mjomba, mama kasema umpe sabuni ya mia tano." Wa bodaboda ukiwatajia jina langu hawanijui, ila sema "kwa Baba Sabuni" uone wanavyokimbia.

Mlango wa choo ndio usiseme. Mgombea aliyeshindwa uchaguzi wa 2021 bado yupo pale, anaahidi maji safi. Juu yake wamembandika mganga: anarudisha mpenzi, anashinda kesi, anaongeza nguvu za kiume. Mama watoto kasimama mbele ya karatasi ile na birika mkononi, kaisoma mpaka mwisho, kisha kaniuliza kwa upole (upole wake ndio wa kuogopa), "Milango yote hii ya Busia, kwa nini wachague wetu?" Sasa mtu anajibu nini?

Masikio nayo hayana pazia. Sokoni kuna kizindaalo, zile spika za juu ya mlingoti. Alfajiri, hata jogoo hajajinyoosha, kimeanza: mtoto kapotea, amevaa kaptura nyekundu. Marehemu fulani atazikwa kesho saa nane. Dawa ya panya, elfu moja tu, hawafii ndani. Sauti ni ileile, huzuni ni ileile, na mimi huku nimeshaanza kumlilia panya. Kanuni za kudhibiti kelele tunazo tangu 2003. Lakini nani atasimama chini ya kizindaalo azisome, na asikike?

Nikijifunika blanketi, simu inalia. Mpaka uko karibu, minara inatugombania, basi nimelala kitandani kwangu Uganda naambiwa karibu Kenya, nunua bando. Nikigeukia upande wa ukutani, narudishwa nyumbani na bando jingine. Hata pasipoti sina!

Nikasema liwalo na liwe, mwenye nyumba akija nitamweleza. Akaja mwisho wa mwezi. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikaanza, "Mzee, kuhusu huu ukuta..."

"Hata mimi nimekuja kwa ajili ya huo huo," akasema, akarudi nyuma hatua mbili autazame vizuri. "Unaona nyumba ilivyopendeza? Mwezi ujao tuongeze elfu thelathini."

Nikamwomba basi anipunguzie hata kwa sabuni. Akasema hao watu hawajampa sabuni, wamempa rangi tu.