Kushuka Ngazi

Anayesema mazoezi ni afya aje Buguruni Sheli anishushe kwenye daladala.

Nilianza tizi Jumatatu. Mwalimu, kijana ambaye mkono wake ni paja langu, akasema anayeanza asikurupuke: chuchumaa mara kumi, pumzika, rudia, basi kwa leo. Nikaona ananidharau. Pembeni kuna dada kabeba chuma mabegani, anachuchumaa huku anahesabu. Mwanaume mzima nimwangalie tu? Nikapiga sitini. Jumanne nikaamka na maumivu ya kistaarabu, nikasema kumbe ndiyo haya. Leo Jumatano yamehamia na magodoro yao.

Kupanda asubuhi hakukuwa na shida, nilisukumwa na umma. Tatizo kushuka. Ukishuka, paja ndilo linaloteremsha mwili wote polepole kama winchi, na winchi zangu zote mbili zilikuwa zimegoma. Konda anagonga bati, mimi mguu mmoja uko nje unaning'inia, mikono miwili imeng'ang'ania mlango, tai imenirukia begani.

"Dereva tulia, mgonjwa anashuka!"

Mgonjwa!

"Pole baba," mama wa siti ya mbele akasema. "Ni sukari?"

"Hapana, mama."

"Basi presha."

"Hiyo gauti," mzee mwenye kofia akakata kesi. "Aache nyama." Nyama yenyewe tulionana mara ya mwisho Idi. Binti wa nyuma akanong'ona, mnong'ono wa kusikika mpaka Kariakoo, kwamba shemeji yake alianza hivihivi, kumbe alikanyaga kitu mlangoni. Mama naye keshafungua kipochi, katoa kichupa cha mafuta, ananisugua goti juu ya suruali ya kazini.

"Nimetoka jimu!" nikapasuka.

Kimya.

"Kufanya nini?" mzee akauliza.

"Kuchuchumaa."

"Umelipa hela kwenda kuchuchumaa?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Kwani kwako choo hakuna?"

Gari zima likalala kwa kicheko. Dereva alilalia usukani, honi ikawa inalia yenyewe.

Na hicho choo msinikumbushe. Choo chetu wapangaji wote ni cha shimo, hakina pa kukalia wala pa kushika. Jana usiku mke wangu alisimama nje ya mlango na tochi, anauliza amwite jirani au nitajaribu tena.

Huyo naye kaipenda hii afya kuliko mimi. Mwalimu alisema nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo ugali, robo samaki, maharage au yai. Nikafika nyumbani na huo ujumbe kama balozi. Usiku nikapewa mchicha nusu, matembele robo, na kwenye robo ya ugali kukawa na ugali wa kumjaribu paka. Yai? "Yai la mtoto hilo." Sasa nikipita kwa muuza chipsi, mbona zege, yaani chipsi mayai, lina mayai mawili? Si ndiyo protini yenyewe? Nilimuuliza mwalimu, akaniangalia muda mrefu akasema tutaongea Ijumaa. Ijumaa nitafikaje sijui, maana jimu iko ghorofani.

Halafu konda kaondoka na mia nne yangu. Nilitoa elfu moja, nauli mia sita, akasema "subiri, mgonjwa," gari likang'oka. Zamani ningemkimbiza mpaka mataa.