Dawati la mbele si miwani

Shuleni nilifaulu masomo ya walimu waliopenda kusema. Mwalimu wa historia alitamka kila neno aliloliandika ubaoni, na kwake nilikuwa mwanafunzi hodari. Wa hisabati aliandika kimya, akageuka, akauliza, "Mmeelewa?" Kwake nilikuwa mzembe. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili, hata mimi mwenyewe. Nilidhani ubao ni ukungu wenye mistari myeupe kwa kila mtu, ila wenzangu wamejaliwa akili ya kuusoma.

Mtu mzima macho yakianza kufifia hulalamika, kwa kuwa anakumbuka alivyokuwa akiona. Mtoto hana cha kulinganisha. Ukimwuliza kama anaona vizuri, atakujibu "ndiyo", na hatakuwa amedanganya.

Nilipoanza kufinya macho nilihamishiwa dawati la mbele. Ulikuwa wema, lakini ndio ulionichelewesha. Alama zikapanda kidogo, kila mtu akaridhika, na miwani nikaja kuipata miaka miwili baadaye. Mtoto asiyeona mbali mara nyingi jicho lake limerefuka kupita kiasi, na huendelea kurefuka kadiri anavyokua. Dawati linalomtosha leo huenda mwakani lisimtoshe.

Afadhali yangu mimi, maana shida yangu ilionekana usoni. Nawahofia zaidi wanaouona ubao vizuri kabisa. Ile chati ya herufi kubwa zinazopungua, aliyoibuni daktari Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862, kwa kawaida husomwa kutoka mita 6. Hupima kuona mbali. Mtoto mwenye tatizo la kuona karibu anaweza kuisoma mpaka mstari wa chini, kwa sababu lenzi ya jicho lake bado ni laini na msuli wake una nguvu ya kuilazimisha. Akirudi kwenye kitabu, nguvu hiyohiyo inatakiwa muda wote, bila kupumzika. Baada ya dakika chache kichwa kinauma, anaruka mistari, anasugua macho, kisha anaanza kumchokoza jirani. Ripoti inaandikwa: hatulii.

Mpwa wangu alikuwa hivyo. Aliifaulu chati mara mbili, na nyumbani tukawa tunasema, "Huyu anaona hata ndege aliyeko mbali angani, vitabu tu ndivyo hataki." Nami mwenye miwani nilikuwa miongoni mwa wasemaji.

Kuna na jicho moja kulegea. Kama jicho moja linaona vizuri na jingine halioni vizuri, au lina makengeza, ubongo huamua kulisikiliza lile zuri na kulipuuza la pili. Mtoto anacheza, anasoma, na huenda hakuna atakayegundua chochote mpaka siku lile jicho zuri lifunikwe. Tiba yake ni miwani, na mara nyingi kuliziba lile jicho zuri kwa saa kadhaa kwa siku ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi. Hufaa zaidi kabla ya umri wa miaka 7 hivi. Baada ya hapo huzidi kuwa vigumu. Ndiyo maana sielewi kwa nini tunasubiri mtoto afeli kwanza ndipo tumpeleke kwa daktari wa macho. Apimwe macho kabla hajaanza shule, ya mbali na ya karibu, jicho mojamoja.

Sisemi kila anayefeli ana tatizo la macho. Disleksia, kwa mfano, yaani ugumu wa kusoma unaotokana na jinsi ubongo unavyoshughulikia maneno, haiko machoni na miwani haiiondoi. Ila kuanza na macho ni rahisi kuliko kuanza na lawama.

Wapo wanaoamini miwani hudhoofisha macho ya mtoto. Haidhoofishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la BMJ uliwafuatilia wanafunzi wa shule za msingi katika majimbo ya Gansu na Shaanxi nchini China. Waliopewa miwani bure walipata alama bora za hisabati kuliko wenzao waliopewa cheti cha vipimo tu. Na hapo hata waliopewa, wengi hawakukutwa nayo usoni. Sishangai. Mimi yangu ilikaa kwenye mkoba muhula mzima kwa sababu ya kuitwa "macho manne", na mwalimu aliyesikia alicheka pamoja nao.

Mpwa wangu sasa ana miwani ya kusomea. Dada yangu alimwuliza kwa nini hakuwahi kusema kwamba kichwa kinamwuma kila akifungua kitabu. Alijibu kwamba alidhani kusoma ndivyo kulivyo.