Mwanga au Joto? Shauri Lililoanzia Kwenye Chupa ya Mafuta ya Nazi

Msimu wa kusi, alfajiri za Julai hapa Tanga, mafuta ya nazi huganda chupani yakawa meupe kama samli. Mtu huianika chupa juani, na kabla ya adhuhuri mafuta yamerudi kuwa maji. Kijana mmoja ninayemfundisha fizikia huku Ngamiani aliniuliza: "Mwalimu, kinachoyayeyusha ni mwanga wa jua au ni joto lake?" Nikamwambia achukue chupa ya pili, aizungushie kanga nzito, aitie kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Mafuta yakayeyuka humohumo gizani. Kwa mafuta ya nazi, basi, shauri limekwisha: joto peke yake linatosha.

Kwa baadhi ya yabisi shauri hilohilo limewashughulisha wanafizikia kwa miongo, na bado wanavutana.

Mfano maarufu ni vanadiamu dioksaidi. Chini ya nyuzijoto 68 hivi haipitishi umeme vizuri, na atomu zake za vanadiamu zimeshikana mbilimbili. Ukiipasha ikapita hapo, jozi huachana, mpangilio wa fuwele hubadilika, nayo hupitisha umeme kama metali. Haijayeyuka, ni yabisi vilevile. Ajabu ni kwamba ukiipiga kwa mwanga wa leza, nao huigeuza.

Wanaosema "ni joto tu" wana hoja nzito. Leza huzipa nishati elektroni, elektroni huzigawia atomu ndani ya muda wa pikosekunde hivi (sekunde moja iliyogawanywa mara milioni milioni), na fuwele inapata moto. Ikiwa mwisho ni uleule wa kwenye jiko, kwa nini tutafute sababu ya pili?

Ila kwa kutazama mwisho peke yake hatutajua. Yabidi tutazame mwanzo, kabla joto halijapata nafasi ya kuenea, na mwanzo huo hupimwa kwa femtosekunde: sekunde moja iliyogawanywa mara milioni bilioni. Mwanga hutoka mwezini hadi kwetu kwa sekunde moja na ushee; kwa femtosekunde 100 haumalizi hata unene wa unywele. Hapo ndipo zinapohitajika eksirei za mipigo mifupi, ambazo urefu wa wimbi lake unakaribiana na nafasi kati ya atomu na atomu. Leza inapiga, eksirei inafuata nyuma yake kidogo na kuchukua picha. Kisha kazi inarudiwa, eksirei ikicheleweshwa zaidi. Mitambo yake ni mikubwa: LCLS ya California ilianza 2009, na European XFEL ya Ujerumani, yenye urefu wa kilomita 3.4, ilifunguliwa 2017. Elektroni hukimbizwa karibu na kasi ya mwanga, kisha hupitishwa kati ya sumaku zinazopishana ncha, zikayumba na kutoa eksirei.

Ushahidi ulionishawishi mimi ni wa mwaka 2005, tena kabla ya mitambo hiyo, kutoka California pia. Watafiti walipiga leza yabisi nyingine, indiamu antimonaidi, wakaona atomu zikiondoka mahali pake kwa kasi ileile zilizokuwa nayo tangu mwanzo, katika joto la kawaida la chumba. Mbuzi aliyefungwa kamba hutembea akirudi. Kamba ikikatika, anaendelea mbele kwa mwendo wake uleule, bila kuchapwa na mtu. Mwanga ulikata kamba. Joto lingeziongezea atomu mwendo kwanza.

Kwa vanadiamu dioksaidi mambo hayakunyooka hivyo. Wengi walitarajia jozi za atomu ziachane kwa pamoja, kama askari kwenye gwaride. Matokeo ya LCLS yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kinyume: ziliachana shaghalabaghala. Watu wa joto wanaweza kusema vurugu ni sura ya joto, na ni kweli kwamba vurugu peke yake haithibitishi kitu. Kinachowabana ni saa. Vurugu hiyo ilitokea mapema mno, kabla joto halijapata nafasi.

Hoja yao iliyo bora, kwangu, ni nyingine: vipimo vingi ni wastani wa mapigo mengi na wa eneo zima, na wastani huficha. Ndivyo ilivyokuja kuonekana. Picha za eksirei zilizochapishwa 2023, zinazotofautisha sehemu na sehemu, zilionyesha fuwele ikigeuka metali ndani ya femtosekunde 200, huku tofauti za mahali na mahali zikijitokeza baada ya mamia ya pikosekunde. Tena metali hiyo ya muda ilikuwa ileile inayojulikana, ila imekazwa na kupindishwa sana. Kwa hiyo nasema mwanzo ni wa mwanga, na watafiti waliowahi kutangaza, kwa vipimo vya wastani, kwamba mwanga huunda hali mpya kabisa ya maada katika vanadiamu dioksaidi walikwenda mbali kuliko vipimo vyao.

Kuna wanaoona haya yote ni anasa. Kuipanua LCLS kuligharimu takriban dola bilioni 1.1, na Afrika nzima haina hata sinkrotroni moja, yaani mtambo wa duara unaozungusha elektroni ili zitoe eksirei. Uchungu huo naujua. Maabara yetu inagawana vipimajoto. Lakini Ahmed Zewail, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia 1999 kwa kufuatilia mwendo wa atomu kwa femtosekunde, alizaliwa Misri na kusoma Aleksandria kwanza. Leza zake aliziwashia California. Swali la mwanafunzi wangu linahitaji vifaa vilivyo karibu zaidi ya hapo, na kwa sasa ameomba beseni la pili: anataka kujaribu nta.